Penseli ya Kubonyeza na Droo za Madamu Beata

Katika kazi ya mbao hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeona kabati la harusi likiachia gundi mbele ya bibi harusi mwenyewe. Nimeona mteja akirudisha kitanda na kudai kimekuwa kifupi kuliko siku aliyokichukua. Nimeona mbao mbichi ikilala imenyooka jioni na kuamka imejikunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Niliacha shule darasa la tatu, sikurithi hata msumari, na bado watu wenye magari walisimama nje ya karakana yangu mtaa wa Biryogo, wakaruka mtaro na viatu vyao vizuri, wakaniita Patroni, yaani bosi. Nayasema haya mapema ili kijana atakayesoma asije akadhani habari ya penseli ninayoisimulia ilimpata mjinga.

Tangu mwezi uliopita niko nyumbani. Kifua kimekataa vumbi. Daktari alisema niache kazi, nikamwambia nitaacha nikitaka, nikaacha. Sijazeeka, nywele nyeusi bado ni nyingi kuliko nyeupe, lakini karakana sasa iko mikononi mwa Yusufu, na ninyi mnaofanya kazi naye mmenisumbua niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za mapato sitaandika. Anayetaka kujua nilipata nini aje aitazame nyumba yangu, bati zote ni mpya. Nitaandika habari ya hiyo penseli nyembamba ambayo kila mmoja wenu anaichomeka mfukoni kama amezaliwa nayo. Hamjui iliingiaje humo.

Nianze na Mzee Kalonji, maana bila yeye hamtaelewa. Alikuwa seremala kutoka Bukavu, mnene, mwenye kikohozi, mkali kwa mtu yeyote aliyegusa patasi yake. Siku yangu ya kwanza kwake nilidhani nitapewa msumeno. Nilipewa fagio. Nikafagia takataka za randa mpaka nikaanza kuziona usingizini. Siku aliyonionea huruma, au aliyochoka kuniona na fagio, alinipa penseli ya seremala: nyekundu, bapa, nene, inayochongwa kwa patasi. Akanifundisha mambo mawili ambayo nimeyatumia maisha yangu yote.

La kwanza ni hili. Ukishapima mbao, mstari unauweka nje ya kipimo, kando yake, si juu yake. Penseli ile ilikuwa nene, na mstari wake ulikuwa na upana wa kuonekana. Msumeno unapita katikati ya mstari. Nusu moja inaliwa na msumeno, nusu nyingine inabaki kwenye mbao, na hiyo iliyobaki ndiyo ya randa. Ukipitisha randa mpaka weusi uishe, umefika kwenye kipimo chako kamili, na ukingo umekuwa laini. Hakuna kupima tena. Mkono wenyewe unajua.

La pili ni kwamba mstari una mwenyewe. Anayepima ndiye anayepiga mstari, wengine wanakata. Mzee Kalonji alisema mbao moja ikipimwa na vichwa viwili itatoka na urefu wa tatu. Nilipofungua karakana yangu nililifanya hilo kuwa sheria, tena nikaliongezea chumvi. Kila aliyeingia kwangu nilimwambia siku ya kwanza kwamba mstari wa patroni hauulizwi. Fundi aliyejaribu kupima nyuma yangu, kama Hamadi, nilimnyang'anya rula mbele ya wenzake. Ndivyo kazi ilivyokwenda haraka kwangu kuliko kwa jirani zangu, na wao wanajua.

Sasa vita vilipoanza kule kaskazini na barabara ya Uganda ikafungwa, bidhaa zikawa zinazungushwa kupitia Tanzania, na vitu vidogo ndivyo vilivyopotea kwanza. Misumari ilipatikana kwa kubembeleza. Penseli nyekundu ya seremala ikatoweka kabisa. Nilibaki na kipande kifupi kuliko kidole gumba, nakishika kwa kucha. Mafundi wengine wa mtaani walihamia kwenye mkaa, wengine wakawa wanakwaruza kwa msumari. Mimi si mtu wa kukwaruza mbao ya mteja.

Hapo akatokea Haruna. Haruna ni kaka wa mke wangu, na anauza chochote kinachoingia mfukoni: leo saa za mkononi, kesho betri, keshokutwa manukato ambayo hayanukii. Alikaa kwenye benchi langu, akaomba chai, akaisifu randa yangu. Haruna akisifu kitu changu huwa naangalia mikono yake iko wapi. Alipomaliza chai akatoa penseli ya plastiki ya kijani, nyembamba, ina kibanio cha kuning'inizia mfukoni, mdomo wa chuma, na kitufe juu ya kichwa.

"Shemeji, hii haichongwi," akasema.

"Penseli isiyochongwa ni kalamu."

"Siyo kalamu. Bonyeza hapo."

Nikabonyeza. Risasi yake ikachungulia, nyembamba kama mguu wa mbu. Nikabonyeza tena, ikatoka zaidi. Nikaendelea mpaka ikaanguka sakafuni ikavunjika, na Haruna akasema ndiyo maana zinauzwa kwa watu wenye akili. Nikamwambia basi amepotea njia, aipeleke chuo kikuu. Akasema bei ni faranga mia na hamsini, na kwa kuwa mimi ni ndugu, ataniongezea rula ya chuma bure.

Hilo la bure ndilo lililonifanya nisimame. Kwa miaka yote niliyomfahamu, Haruna hakuwahi kunipa kitu bure, hata pole. Nikaigeuza ile rula, nikaitazama kwa jicho moja, nikaipinda kidogo. Ilionekana rula. Hiyo haikunitoa shaka. Nikamwambia aache vyote viwili, nitamlipa nikiridhika. Akaniapia kwa dada yake. Dada yake ni mke wangu, na alikuwa jikoni, nyuma ya karakana, akisikia.

Niliijaribu penseli ile kama anavyochunguzwa kijana aliyekuja kuposa. Nilianza na sikio, maana ndipo penseli ya seremala inapokaa. Ikateleza. Mwili wake ni mviringo na laini, ukiinama tu imekwenda. Mfukoni kile kibanio kiliishika vizuri, hata nilipopanda ngazi na kushuka. Nikaiangusha kwenye sementi kwa makusudi. Nje haikupata kitu, lakini ndani risasi ilikatika vipande, ikawa inatoka kidogo kidogo kama tambi zilizovunjika, ukiandika kidogo kipande kinabaki mkononi. Nikajifunza kuwa ikianguka ni afadhali utoe kile kilichovunjika chote uweke kipya, usibishane nayo.

Kwenye mbao mbaya, iliyotoka msumenoni na manyoya yake, ilivunjika kila baada ya kiganja kimoja. Dawa yake ni kubonyeza mara moja tu, siyo mbili, na kuilaza kidogo, usiisimamishe kama mshale. Mkaratusi wenye maji haikuuandika kabisa, iliuchana. Unga wa msumeno uliingia mdomoni mwake ikakaba, nikawa naipuliza kama filimbi, na nisipofanikiwa nachokoa kwa waya mwembamba. Kifutio kilichofichwa chini ya kitufe ni utani wa kiwandani; kinapaka weusi badala ya kuuondoa. Tumieni msasa.

Lakini sitaisingizia. Kwenye ekeri, ile rula ya pembe, mdomo wake uliingia mpaka kwenye kona, mahali ambapo penseli nene haijawahi kufika. Na mstari wake wa asubuhi ulikuwa sawa na wa jioni. Penseli nene ukiichonga ni kali, baada ya saa moja ni butu kama kidole, unaiacha kazi unarudi kuchonga. Hii hapana. Nilitafuta ubaya wake mkubwa kwa wiki mbili, maana kitu cha bei ndogo lazima kiwe kimeficha ubaya wake mahali, na sikuuona. Hilo nalo lilinitia shaka.

Nilimpa Yusufu aishike. Yusufu alikuwa mkataji wangu, mtu wa maneno machache, anakata kwa mkono wa kushoto na msumeno wake haupepesuki. Akapiga mstari kwenye kiganja chake, akautazama.

"Iko nyembamba, Patroni."

Nikamwambia sijamuuliza unene, nimemuuliza kama ni nzuri. Akasema ni nzuri. Akanirudishia.

Nikamlipa Haruna mia na hamsini zake, na themanini za kichupa cha risasi za akiba. Neno hilo, risasi, wakati ule hukulitaja ovyo barabarani. Nikaanza kuitumia kwa kazi zote: vigoda, fremu za madirisha, mlango wa choo cha jirani, kitanda cha mtu aliyekuwa anaoa kwa haraka. Hakuna aliyelalamika. Ni baadaye nilipokuja kufikiri kwamba mlango wa choo hauwezi kulalamika, ukibaki na nafasi kidogo watu wanashukuru hewa.

Ndipo akaja Madamu Beata. Alikuwa anakaa Kiyovu, mtaa wa wakubwa, amesoma Ulaya mambo ya dawa, na alitaka kufungua duka la dawa pale Kiyovu chini, karibu na mjini. Alihitaji kabati la ukuta mzima, droo thelathini na sita za libuyu, ile mbao nyekundu kutoka Zaire, kila droo ikiwa na vichupa vidogo ndani. Kazi za namna hiyo zilikuwa zinakwenda Gikondo kwa Mbelgiji mmoja mwenye karakana ya mashine. Biryogo watu wa Kiyovu walikuwa wanakuja kuokota mafundi wa kurekebisha kitasa. Lakini Mbelgiji alimwambia angoje miezi, na dereva wa Madamu alikuwa wa mtaani kwetu, akanitaja.

Alikuja mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuwatuma watu wa nyumbani, kifupi na cha moja kwa moja. Alisema droo isicheze hata kidogo, kwa sababu ikicheza vichupa vinagongana na mwisho vinapasuka. Alisema pia, bila kuficha, kwamba marafiki zake wanamcheka kwa kuleta kazi Biryogo, na wanangoja waone. Mimi nikaelewa vizuri kilichokuwa mezani. Droo zile zikisimama sawa, malango ya Kiyovu yamefunguliwa kwangu. Zikicheza, hakuna mtu wa huko atakayeniita tena hata kwa kitasa, na Mbelgiji atapata kichekesho cha kusimulia wageni wake. Nikamwambia Madamu alale usingizi.

Mbao nilizinunua kwa malipo yake ya kwanza, zote mara moja, maana bei ilikuwa inapanda kila gari likichelewa. Fremu kubwa ya kabati, kwa kuwa mbao zake zilikuwa bado na manyoya ya msumeno, niliipigia mistari kwa kile kipande cha mwisho cha penseli nyekundu, kikakaribia kwisha. Ikasimama vizuri, imenyooka, ukigonga inaitika. Droo nilizipigia mistari mimi mwenyewe kwa penseli ya kijani. Nilifurahia kazi ile, nakiri. Mistari ilikuwa safi kama imechorwa na mashine. Yusufu akakata, wenzake wakapitisha randa, tukapanga mbavu za droo, zile mbao za pembeni, ukutani kama mikate.

Tulipounga droo ya kwanza na kuiingiza kwenye nafasi yake, ikaingia bila kusukumwa. Hiyo si dalili nzuri. Droo nzuri inataka kubembelezwa mara ya kwanza. Nikaivuta, ikachezesha kichwa juu na chini kama mtu anayeitikia kila kitu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano nikaacha kuunga, nikawaambia wote wakale, nikabaki na droo zangu.

Kwanza niliishuku mbao. Nilisema yule muuzaji wa mbao wa Nyabugogo ameniuzia libuyu mbichi, imesinyaa. Nikachukua vipande vilivyobaki, nikavipima na kuvipima. Havikuwa vimesinyaa hata unywele. Basi nikaishuku rula ya Haruna, ile ya bure. Nilitabasamu peke yangu, nikasema ubaya nimeupata. Nikaitoa rula ya kukunja niliyoachiwa na Mzee Kalonji, nikazilaza ubavu kwa ubavu. Zilikubaliana kila alama. Nikazigeuza, nikazipima kutoka upande wa pili. Zilikubaliana. Sijawahi kuchukizwa na rula iliyo sawa kama siku ile.

Nikaishuku penseli kwamba mdomo wake umepinda. Haukupinda. Ndipo nikamkumbuka Yusufu. Siku moja kabla nilimwona amesimama nje ya msikiti na mtu aliyevaa koti la kazi la karakana ya Gikondo. Walicheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Mambo yote yakajipanga kichwani mwangu bila taabu. Waliporudi kutoka kula nikamwita Yusufu pembeni.

"Yule mtu wa Gikondo anakupa ngapi?"

"Mtu gani, Patroni?"

"Wa jana. Wa msikitini."

"Yule ni mume wa dada yangu. Alikuja kunipasha, dada amejifungua."

"Anafanya kazi wapi?"

"Gikondo."

"Umeona."

Yusufu akanitazama. "Patroni, hata watu wa Gikondo wanazaa."

Wengine walikuwa wameacha kupiga msasa ili wasikie. Nikawaambia waendelee, wakapiga msasa hewani. Nikamwambia Yusufu kwamba nimekata mbao na watu wengi, na najua droo moja inaweza kuharibika kwa bahati mbaya, lakini droo zote zikipungua kwa kiasi kilekile, hapo kuna mkono wa mtu. Nikamwambia anieleze huo mkono ni wa nani. Alikuwa na msumeno bado, akauweka juu ya benchi taratibu, akafungua aproni yake.

"Mimi nakata vile inakatwa hapa," akasema. "Napita katikati, nusu naacha ya randa. Sasa hii mstari yako, nusu yake iko wapi?"

Nikachukua ubavu mmoja wa droo, nikautafuta mstari.

"Niambie, Patroni. Msumeno inakula mstari yote, inakunywa na maji. Randa ikifika, weusi hakuna, lakini hawa wamezoea kupitisha, wanapitisha. Wanakula mbao ya ndani."

"Uliona tangu lini?"

"Tangu mbao ya kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Mstari ya patroni haiulizwi. Si ni wewe uliniambia? Ulimnyang'anya Hamadi rula, mimi niko hapo."

Akaning'iniza aproni kwenye msumari akatoka. Hamadi akawa anatazama dari.

Sikushangaa. Nilikaa kidogo tu juu ya benchi. Kisha nikachukua kipande cha libuyu na ile penseli nyekundu iliyobaki kama punje, nikapiga mstari, na kando yake nikapiga mwingine kwa penseli ya kijani. Ule wa penseli nyekundu ulikuwa na upana ambao msumeno ungepita na bado ungebaki ukingo mweusi. Ule wa pili msumeno ungeumeza bila kujua umekula. Mkono wetu ulikuwa umefundishwa na penseli nene kwa miaka yote, na mimi nilikuwa nimebadilisha penseli bila kumwambia mkono. Ukingo wa juu umepungua kidogo, wa chini umepungua kidogo, ukijumlisha, droo inacheza.

Jioni Haruna alipita, na kwa bahati mbaya alikuwa na akili. Alisema nibandike vipande vyembamba vya mbao kwenye mbavu za kila droo, nivipake rangi ya libuyu, hakuna Mungu wala Madamu atakayejua. Ni kazi ya siku mbili, mbao inayohitajika ni ya takataka. Nililifikiria hilo vizuri, sitawadanganya. Lakini gundi ya wakati ule ilikuwa ya kushuku, ilikuja imeshafunguliwa na kuongezewa maji njiani, na dukani humo kungekuwa na mvuke wa dawa na watu wakivuta droo kutwa. Mwaka mmoja, miwili, kiraka kimoja kingeachia, na Kiyovu wote wangejua kwamba Biryogo wanabandika. Nikamwambia Haruna aende.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Yusufu. Alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha uji, hakusimama. Nilimwambia nakwenda Nyabugogo kununua mbao nyingine ya mbavu zote, na siku zake zilizopotea nitamlipa kama kawaida, na zile za kurudia pia. Akapuliza uji. Nikamwambia kuanzia sasa mstari mwembamba hautakatwa, utaachwa mzima, msumeno utapita nje yake, na kilichobaki ndicho cha randa. Akauliza kama hiyo ni amri au ni swali. Nikasema ni swali.

"Basi msumeno ipite nje, lakini igusane nao," akasema. "Ikienda mbali, randa itachoka." Akamaliza uji wake, akaja.

Tulirudia mbavu zote. Safari hii kila mbao niliyopiga mstari aliitazama kabla ya kukata, na mara mbili aliniita nirudi kupima. Mara moja alikuwa na haki. Mara ya pili nilikuwa na haki mimi, na nikahakikisha wote wamesikia.

Siku ya kupeleka tulikodi kamyoneti, gari dogo la mizigo. Njiani kulikuwa na kizuizi, na askari kijana akatuteremsha, akafungua droo moja moja, akauliza za nini. Kisha akaiona penseli mfukoni mwangu.

"Hii iko nini?"

"Penseli, afande."

"Penseli haina kifyatuo." Akabonyeza, akaruka kidogo kilipotokeza kichwa cheusi, akabonyeza tena na tena mpaka kikaanguka barabarani. Akakitafuta kwa mguu. Nikashukuru hakuuliza jina la kilichokuwa ndani. Akanirudishia akisema niwe mwangalifu nayo. Yusufu hakucheka mpaka tulipofika kona.

Madamu Beata alitusubiri dukani na wanawake wawili, marafiki zake, wamevaa vizuri, wamekuja kuona. Tulisimamisha kabati, tukaingiza droo. Nikatoka pembeni. Madamu akavuta droo ya juu kushoto, ikaja kwa kunung'unika kidogo kama inavyotakiwa. Akairudisha, ikatoa pumzi ya hewa. Akavuta nyingine, na nyingine, akashuka mpaka za chini akachuchumaa na gauni lake. Aliweka vichupa viwili katika moja, akaivuta kwa nguvu, akasikiliza. Havikugongana. Wale marafiki walikuwa wamesogea karibu. Mimi nilikuwa natazama uso wake nikitafuta alichokiona na hakusema, maana mwenye pesa akinyamaza lazima pawe na kitu.

"Ulichelewa," akasema.

"Mbao, Madamu. Barabara."

"Mm." Akageukia mmoja wa wale wanawake, wakaongea Kifaransa. Kisha akaniambia, "Huyu dada anataka kabati ya vitabu. Anakaa juu hapo. Utakwenda kwake Jumatatu, na huyu," akamnyooshea Yusufu kidole, "aje pia."

Akatoa kadi ndogo za kuandika majina ya dawa kwenye droo. Akatafuta kalamu katika mkoba, hakuona. Akanyoosha mkono kwangu bila kutazama, akaichomoa penseli ya kijani mfukoni mwangu, akabonyeza mara moja tu, kama mtu anayejua. Akaandika kadi ya kwanza, akaitazama, akaandika ya pili. Akasema inaandika vizuri sana. Alipomaliza akaitia katika mkoba wake, akaufunga.

Yusufu alinitazama. Wale marafiki walinitazama. Mtu aliyefunguliwa mlango wa Kiyovu dakika hiyohiyo hawezi kumwambia mwenye mlango arudishe penseli. Nikamtakia Madamu baraka za biashara, tukaondoka.

Kesho yake nilimwendea Haruna mwenyewe, kwa miguu yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa nayo moja, ya bluu. Akasema bei sasa ni mia tatu, barabara ni mbaya, na safari hii hakuna rula. Niliitazama mdomo, nikaibonyeza mara moja, nikailaza kwenye kiganja, nikatafuta alichoficha. Nikalipa.

Haya, ninyi mliosoma kunizidi jumlisheni: mia na hamsini ya kijani, themanini za risasi, elfu kumi na nne na mia sita za mbao ya pili, mia tatu za mkokoteni wa kuileta kutoka Nyabugogo, elfu mbili na mia nne za siku za Yusufu, na mia tatu za hii ya bluu. Penseli ya bei nafuu ilinigharimu faranga elfu kumi na saba, mia nane na thelathini.